Kumi na Wawili wa Baba Mdogo

Biharamulo,
12 Machi 2024

Kwa binti yangu Adelfina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako Mukandayisenga, pamoja na kuku wake wote. Sisi huku hatujambo, ila mama yako mdogo Joyceline anasumbuliwa na magoti, na mimi nasumbuliwa na Joyceline. Mvua ni nzuri. Mashine ya kukoboa mpunga haijapumzika wiki mbili.

Najua unacheka. "Baba Mdogo na barua zake, dunia nzima inapiga simu." Cheka tu, mwanangu. Seminarini tulifundishwa kwamba jambo kubwa huandikwa, na simu kwangu ni ya kuulizia bei ya mpunga. Dereva wa lori langu ataiacha barua hii Benaco, dukani kwa Claudia. Na wewe jibu lako liache hapohapo.

Jambo lenyewe ni hili. Nimefika miaka sitini na miwili. Nyumba ninayo, malori ninayo, ng'ombe wapo. Lakini kila jioni nikifunga kazi nakaa peke yangu nasikiliza muziki wa nota, ule wa fidla na kwaya kubwa za watunzi wa kale, na Joyceline anafunga mlango kwa kishindo akisema nimeanza tena kelele za Wazungu wangu. Unajua ugonjwa huu niliupata wapi? Nilikuwa kidato cha pili, nafagia chumba cha padre mmoja mzee. Akaweka kaseti. Nikasimama na ufagio mkononi, nikalia, Adelfina, kijana wa miaka kumi na sita, na sikujua nalia nini. Baada ya miezi mitatu wakanifukuza kwa kuiiba kaseti ile. Baba yako, Mungu amrehemu, alinichapa kwa ajili hiyo, na hata hivyo sikuirudisha.

Sasa nataka muziki huo niusikie kwa watu wetu wenyewe, kwa masikio yangu, kabla sijafa. Matajiri wenzangu wanajenga hoteli, wengine wanaongeza wake. Mimi nataka kufadhili kwaya, na kwaya ninayoijua ni yako. Pasaka ya mwaka jana nilipokuja niliwasikia. Mnaimba vibaya, usikasirike. Lakini mna kitu ambacho waliosoma hawana. Niambie mnahitaji nini.

Mimi baba yako mdogo,
Pius


Murukulazo,
3 Aprili 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima kabisa, maharage yametoa maua, na kuku wamebaki saba maana mwewe naye ana watoto wa kulisha. Mpe pole Mama Mdogo kwa magoti. Wewe huna haja ya pole, umeyataka mwenyewe.

Barua yako nilimsomea mama. Nilipofika pale pa "mnaimba vibaya" akaweka chini maharage aliyokuwa anachambua, akasema, "Mwambie huyo shemeji aje Jumatano na jembe lake, ndipo ajue vibaya ni nini."

Labda hujui sisi tunavyojifunza, kwa hiyo nikueleze. Tuko arobaini na mmoja. Kila Jumatano tunalima shamba la mwanakwaya mmoja kwa zamu, na hapohapo shambani ndiko tunakojifunza nyimbo. Sauti ya kwanza wanapanga mstari juu, ya pili wanafuata, ya tatu, na wanaume wa sauti ya nne kule chini bondeni. Mimi nasoma nota, namwimbia mama mara moja, mara mbili. Yeye anaishika, na akiishika haimponyoki. Sauti ya pili wote wanalima nyuma yake wakimfuata. Hajui nota wala hajui kuandika jina lake, lakini tangu nianze kufundisha sijamsikia akipotea hata siku moja.

Na kwa nini watu wanajiunga? Si kwa ajili ya Pasaka, Baba Mdogo. Ni kwa sababu ya kaburi. Akifa mmoja wetu tunamwimbia sauti zote nne, na hakuna anayegusa udongo kabla hatujamaliza. Mama yeye hana ndugu hapa, unajua. Alikuja kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka wa tisini na nne, akawa anatafuta kibarua mashambani kwetu. Mama yangu mzazi alipokufa, yeye ndiye aliyenibeba. Wenzake waliporudishwa Rwanda yeye akabaki kwa sababu yangu, mtoto wa miaka mitatu asiye wake. Husema ukoo wake ni kwaya.

Mahitaji yetu ni haya: kinanda chetu kimekufa vibonyezo vitatu, bati la kigango, kanisa letu dogo, linavuja juu ya sauti ya tatu, na mimi mwenyewe ningeshukuru kupata mwalimu wa nota wa kuninoa hata miezi miwili. Basi. Usituletee mengi, tutashindwa pa kuyaweka.

Binti yako,
Adelfina


Biharamulo,
28 Aprili 2024

Binti yangu Adelfina,

Marahaba. Hatujambo, magoti yale yale.

Nimekusoma na nimecheka, lakini mwanangu unafikiri kidogokidogo kama mtu anayenunua chumvi ya kijiko. Kinanda! Bati! Mimi nimekwambia nataka kusikia muziki, wewe unaniambia bati linavuja.

Nimempata Mwalimu Bulugu kutoka Mwanza, kijana aliyesomea muziki hasa, atakuja na wapiga fidla wenzake watatu. Atakaa Murukulazo miezi sita kwa gharama yangu. Atafanya usaili, achague sauti kumi na mbili, tatu kwa kila sauti. Arobaini na mmoja ni mkutano wa hadhara, si kwaya. Hao kumi na wawili nitawapa posho kila siku ya mazoezi, maana kazi ya nota ni kazi kama kazi nyingine na mtu hawezi kuifanya na njaa. Mazoezi yatakuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Habari ya kulima iishe. Vumbi linaua koo, na jembe linamchosha mtu mpaka hawezi kushika pumzi.

Tamasha litakuwa hapa Biharamulo, Jumamosi tarehe ishirini na tatu Novemba. Nimeshaanza kualika watu wa Mwanza na Bukoba. Na wewe, mmoja wa hao kumi na wawili, ndiye utakayeongoza, si Bulugu. Baada ya hapo nakulipia chuo cha muziki mpaka upate cheti. Usiniambie hukitaki, nilikuona Pasaka mikono yako ilivyokuwa inatafuta kitu hewani.

Baba yako mdogo,
Pius


Murukulazo,
16 Juni 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwalimu Bulugu ni mtu mzuri, nianze na hilo. Mpole, anakula chochote, na anachokijua anakijua. Wiki ya kwanza tu alinionyesha mambo ambayo nimeyatafuta miaka tisa gizani. Usiku ule nilishindwa kulala kwa furaha, nakwambia ukweli.

Usaili ulifanyika Jumamosi. Aliweka karatasi ya nota mbele ya kila mmoja. Mama alivaa sare yake ya kitenge cha bluu, akaja wa kwanza. Akaishika karatasi, akaitazama, kisha akanirudishia mimi, akasema, "Niimbie mara moja." Bulugu akasema hapana, lazima asome. Mama akacheka, alidhani ni utani. Alisimama pale mpaka Kezia, jirani yetu wa sauti ya kwanza, akamshika mkono akamtoa.

Majina ya kumi na wawili niliyasoma mimi kigangoni Jumapili, baada ya ibada. Watu ishirini na tisa walikaa wakinisikiliza. Hakuna aliyenitukana. Walikuja mmojammoja kunipa hongera, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama alipika ndizi tukala.

Baba Mdogo, nakuomba jambo moja. Weka kumi na watatu. Simwombei kwa sababu ni mama yangu tu. Hao watatu wa sauti ya pili waliochaguliwa walijifunza nyuma yake, bila yeye wanatazamana. Posho usimpe, hataki. Mwache asimame tu.

Binti yako,
Adelfina


Biharamulo,
30 Juni 2024

Binti yangu,

Marahaba. Nimeipata barua yako na nimeisoma mara mbili ili usije ukasema nilijibu kwa hasira.

Jibu ni hapana. Nikimweka wa kumi na tatu kwa sababu ni mama yako, kesho katekista Desderius ataniletea shangazi yake, keshokutwa mwenyekiti wa kijiji ana binamu. Hapo ndipo kila kitu kizuri katika nchi hii kinapofia, kwenye "mwache asimame tu". Maisha yangu yote nimeambiwa muziki huu si wa watu kama sisi. Nataka usimame pale Novemba na asiwepo mtu hata mmoja wa kusema "kwa Waafrika si haba". Muziki hauna huruma, Adelfina, na uzuri wake uko hapohapo.

Mama yako namheshimu. Amekulea vizuri kuliko ambavyo ukoo wetu ungekulea. Nimempa dereva mfuko wa sukari na doti mbili za kitenge, mpelekee kwa jina langu. Ataelewa.

Baba yako mdogo,
Pius


Murukulazo,
22 Septemba 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili na zaidi. Mwanzoni nilinyamaza kwa kununa, halafu nikanyamaza kwa kazi.

Leo naandika kwa sababu jana tuliunganisha sauti zote nne na fidla zote nne kwa mara ya kwanza. Sikujua. Ningewezaje kujua? Nilikuwa nimeinua mikono, na kitu kikanijia mgongoni, nikasahau niko wapi. Tulipomaliza Samweli wa sauti ya nne, ambaye huwa haishiwi maneno, alitoka nje kujifuta uso. Sasa nakuelewa wewe na ufagio wako. Nilitaka ujue hivyo.

Ya pili si mazuri. Zamu ya kulima imekufa. Sisi kumi na wawili Jumatano tuko kwenye mazoezi, tunalipa vibarua kwa posho yako. Wale ishirini na tisa walijaribu wiki mbili bila sisi, wakaona aibu, wakaacha. Kila mtu na shamba lake. Mvua imeanza na shamba la mama halijaguswa. Nilimpelekea vibarua wawili, akawapa uji akawarudisha. Akasema hawezi kulimiwa na pesa iliyomtoa. Sukari yako aliwagawia majirani, vitenge viko kwenye sanduku na karatasi yake.

Sasa anatoka peke yake alfajiri anakwenda kulima kwenye mvua, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, na anakohoa. Nikimwambia apumzike ananiita mwanangu kwa lugha ya kwao, ananiambia, "Nenda kwenye mazoezi, mwana wanjye, utachelewa." Hasemi kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningejua pa kuishika.

Binti yako,
Adelfina


Biharamulo,
3 Novemba 2024

Binti yangu Adelfina,

Marahaba, na habari za huko? Huku roho zetu ziko juujuu. Ukumbi umepakwa rangi, viti mia mbili vimekodiwa.

Nimeamua kumi na wawili wote mje huku kuanzia tarehe nane mpaka siku ya tamasha. Mtakaa kwangu, mtakula kwangu. Simu zote zitakusanywa kwenye beseni ofisini kwangu, nitazirudisha tamasha likiisha. Bulugu analalamika kwamba mazoezi yanakatwa kila dakika na mtu anayeulizwa mbuzi amefungwa wapi. Atakayekuwa na shida ya kweli, nyumbani kwake wana namba yangu.

Nimesikia kwa dereva kwamba unasita kwa ajili ya kikohozi cha mama yako. Nimeshampigia katekista, ameniahidi mkewe atakuwa anamwangalia, na dawa za zahanati nalipa mimi. Kikohozi hakijaua mtu kwa siku kumi na tano. Usipokuja wewe hakuna tamasha, na watu kumi na mmoja wamejitesa miezi sita bure. Fikiri hivyo.

Lori litawachukua Ijumaa asubuhi.

Baba yako mdogo,
Pius


Murukulazo,
27 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Habari za afya yako sikuulizi.

Jumapili gari ulilotukodia lilitushusha Benaco. Tulikuwa bado tunaimba. Niliingia dukani kwa Claudia kumnunulia mama mkate na majani ya chai. Claudia akatoka nyuma ya kaunta, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole na msiba, Mwalimu. Na pole zaidi kwa kutowahi." Nikamwuliza msiba gani. Akaniachia mikono. "Mama yako amezikwa jana, wewe hukuambiwa?"

Jana ilikuwa Jumamosi, Baba Mdogo. Walimzika saa kumi. Saa kumi mimi nilikuwa kwenye ukumbi wako napimishwa gauni ulilonishonea.

Katekista Desderius amenieleza yote na hakuongeza chumvi. Mama alikata roho Ijumaa asubuhi. Katekista alinipigia simu mara nyingi, na simu yangu ilikuwa imezimwa kwenye beseni lako. Saa nne akakupigia wewe. Ukamwambia, "Nimesikia, nitamfikishia." Akapiga tena saa nane kuuliza kama tumeshaondoka, maana kwa lori tungefika jioni. Hukupokea.

Na Ijumaa hiyo ulikula nasi! Ulikaa mbele yangu mezani. Ulichukua firigisi, ukaiweka kwenye sahani yangu mimi, ukasema, "Leo mkubwa ni wewe." Watu wakapiga makofi. Nikaila. Mama yangu alikuwa amelazwa mkekani, na mimi nakula firigisi yako nikiona aibu kwa kuheshimiwa namna hiyo. Mtu anawezaje? Nijibu. Hapana, usinijibu.

Nitakwambia walivyomzika, uwe nayo na wewe. Wale mliowachuja walikuja wote, na sare zao za zamani. Wakajaribu. Sauti ya kwanza walikuwepo wa kutosha. Ya tatu na ya nne walibaki wachache wasioweza kujishika wenyewe, wale wa kuongoza wote mlikuwa nao. Na sauti ya pili walikuwa sita, wanawake waliozoea kuimba nyuma ya mtu mmoja, na mtu huyo yumo kwenye sanduku. Walianza ubeti wa kwanza, wakapotea. Wakaanza tena, wakapotea palepale. Katekista akangoja. Watu wakatazama chini. Mwisho Kezia akasema, "Jamani, tumfukie tu." Wakamfukia kimya. Hapajawahi kuzikwa mwanakwaya hivyo hapa tangu kwaya ianze, na wengine wote walikuwa na ndugu. Yeye alikuwa na sisi tu.

Mke wa katekista anasema siku mbili za mwisho kila akisikia gari aliuliza, "Wamerudi?" Wakamjibu kesho. Hakuuliza mimi niko wapi. Aliuliza sisi sote.

Sikuwekei mzigo wote. Majina niliyasoma mimi. Posho nilipokea, bati la nyumba yangu ni jipya. Nilimwona anakohoa nikapanda lori lako, kwa sababu nilitaka kusimama pale mbele na kuinua mikono. Na niliposimama nilifurahi. Hilo sitalisamehe kwangu, sembuse kwako.

Chuo sikitaki. Usiniandikie.

Adelfina


Biharamulo,
4 Desemba 2024

Binti yangu,

Umenikataza kuandika na ninaandika. Salamu yako nipe baadaye, au usinipe. Mimi nakupa yangu: pole, mwanangu. Pole sana.

Sitakataa neno hata moja. Desderius alipopiga nilikuwa nahesabu viti. Nilisimama, nikaenda mpaka kwenye mlango wa chumba mlimokuwa mnafanya mazoezi. Nilishika kitasa. Ndani mlikuwa mmefika pale katikati, pale ambapo wanaume wanashuka na sauti ya pili inabaki juu peke yake. Nikangoja mmalize. Mlipomaliza mkarudia, nikangoja tena. Halafu nikajiambia: aliyekufa amekufa, hafufuki akiambiwa mtu leo au keshokutwa, watu mia mbili wako njiani, nimengoja miaka arobaini na sita. Nikaachia kitasa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na shetani, nilikuwa mimi.

Firigisi nilikupa kwa sababu nilikuwa naona haya, na mtu mwenye haya mkono wake hutoa tu.

Utaniona mnyama nikisema hivi, lakini uongo umetosha. Jumamosi ile mlipoimba nililia kama siku ya ufagio. Ulikuwa muziki hasa. Wageni wa Mwanza walisimama. Nilipata nilichokitaka. Tangu Jumapili iliyofuata sijawasha redio.

Baba yako mdogo,
Pius


Biharamulo,
28 Desemba 2024

Binti yangu Adelfina,

Heri ya Noeli iliyopita. Mama yako mdogo anakusalimu na kukulilia. Mimi hanisemeshi, ananiwekea chakula na kuondoka.

Dereva anasema Claudia hapokei tena barua zangu, alimrudishia ile ya katikati ya mwezi bila kuifungua. Hii nimemwagiza akupe mkononi. Ukiichana mbele yake, sawa.

Nataka kulijengea kaburi la mama marumaru. Nataka kuwanunulia kinanda kipya, na bati, na kuwarudisha wote arobaini, posho kwa wote bila usaili. Nitajenga ukumbi hapo Murukulazo uitwe kwa jina lake. Nitumie neno moja tu, "ndiyo", hata kwa mdomo wa dereva. Bulugu naye ameondoka. Alipojua, alinirudishia mshahara wa mwezi wa mwisho juu ya meza, akaenda stendi kwa miguu.

Baba yako mdogo,
Pius


Biharamulo,
10 Februari 2025

Binti yangu Adelfina,

Sikuulizi hali, nilikuona jana. Umekonda.

Kwa kuwa hujibu, nilikuja mwenyewe. Nililiacha gari mbali, nikaja kwa miguu na shati la kawaida. Nilipita kwanza kaburini. Marumaru nilizotuma mwezi uliopita, bila kungoja jibu lako, nimezikuta zimepangwa nje ya uzio, hazijavunjika hata moja, zimefunikwa majani ya migomba ili zisiharibike na mvua. Kwenye kaburi kuna udongo tu, na mtu ameupalilia.

Kisha nikaingia kigangoni nikakaa nyuma. Niliwahesabu kumi na wawili wangu. Mmetawanyika, huyu huku, yule kule, hakuna aliyekaa na mwenzake. Samweli kakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoka. Sehemu ya kwaya, mabenchi yale ya kushoto, hakuna aliyeyakalia, ingawa kina mama wengine walisimama kwa kukosa nafasi. Padre hakuwepo, ibada aliongoza Desderius. Akafungua kitabu, akataja wimbo wa kuingilia, ule ambao hata mtoto wa chekechea anaujua. Akangoja.

Nilidhani kuna mtu amechelewa kuanza. Nikatazama. Watu wote walikuwa wamesimama, vitabu mikononi, midomo imefungwa. Hawakuwa na hasira, Adelfina. Ningeielewa hasira. Walisimama tu. Desderius alingoja muda kama wa ubeti mmoja, kisha akafunga kitabu, akasema, "Kwa jina la Baba." Baadaye jirani yangu pale benchini, mzee wa watu, aliniambia ni hivyo kila Jumapili tangu Novemba. Katekista anataja, anangoja, anaendelea. Nikamwuliza nani amewakataza. Akasema, "Hakuna. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza."

Ulipofika wimbo wa matoleo akataja tena. Akangoja. Na mimi nikaanza.

Sijui kwa nini. Nilifikiri labda wanangoja mtu tu, na kwamba mwenye deni ndiye aanze. Sauti yangu haijaimba mbele ya watu tangu seminarini. Ilitoka mbaya, juu mno, nikashindwa kuishusha. Watu hawakugeuka kunitazama. Nilimaliza mstari wa kwanza nikangoja mniitikie, maana pale ndipo mnapoitikia. Kezia alikuwa benchi mbele yangu, niliona shingo yake. Wewe ulikuwa wa tatu kutoka mbele, umesimama wima, mikono umeikunja kifuani. Ukaushika mkono mmoja kwa mwingine, ukaubana.

Nikaimba mstari wa pili. Nikaimba wote mpaka mwisho, beti nne, kwa sababu sikujua jinsi ya kuacha. Watu walipita wakatoa sadaka zao, wakarudi kukaa. Nilipomaliza Desderius aliendelea na sala.

Nje ulinipita. Ukasema, "Shikamoo, Baba Mdogo." Nikasema, "Marahaba." Ukaenda zako.

Baba yako mdogo,
Pius